Kizibo cha Pikipiki ya Steven

Mafundi pikipiki wa Tarime wamezoea wateja wa kila namna, ila Kisyeri hakuwahi kumpata wa namna ya Osward Magige. Watu hupeleka chombo kwa fundi wakitaka kipone. Osward alipeleka chake akitaka kipone kidogo tu, halafu kiendelee kuumwa.

“Unataka ipunguze kelele,” Kisyeri alisema.

“Ndiyo.”

“Ila isipunguze sana.”

“Ndiyo, fundi.”

Kisyeri alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akaizunguka pikipiki. Hii haikuwa ya bodaboda. Lilikuwa dude la safari ndefu, la kuvuka nchi na nchi, lenye kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ubavuni na mabomba mawili ya moshi yaliyotokeza nyuma, moja kulia na moja kushoto. Kiwandani huweka ndani ya kila bomba kibomba chembamba chenye matundu, cha kukaba sauti. Kisyeri alikiita kizibo. Mwenye pikipiki alikuwa amevichomoa vyote viwili akavitupa, kwa sababu alipenda akipita kijijini kwao Nyarero, watu wa Kemambo kule mbali nao wajue.

Fundi alitandika gunia chini, akapanga vizibo vitatu alivyovichomelea mwenyewe. Cha kwanza kilikuwa kifupi, na matundu yake yalipitisha kidole gumba. Cha pili kilikuwa kirefu zaidi, matundu madogo, kimezungushiwa zile nyuzi za chuma ambazo akina mama husugulia masufuria. Cha tatu alikishika kwa mikono miwili kama mtu anayeonyesha mtoto wake mchanga. Ndani yake alikuwa ameweka vibati vitatu vyenye matundu yasiyolingana, moja juu, jingine chini, jingine pembeni.

“Sauti ikiingia humu inapotea njia,” alisema. “Ikitoka imechoka, haina hata nguvu ya kugombana na mtu. Chukua hiki. Na kwa kuwa mabomba ni mawili, nitakutengenezea na pacha wake.”

“Nipe kile cha kwanza.”

“Hicho? Hicho ni cha mtu anayetaka kumdanganya trafiki.”

“Ndicho ninachotaka.”

Kisyeri akachukua bisibisi. Alikuwa mgeni mjini, ametoka Bunda mwaka huo huo, na hakuwajua watu wa Nyarero wala mambo yao. Angeyajua, huenda angekataa kazi ile.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Pikipiki ilikuwa ya Steven, mdogo wake Osward, na Steven alikuwa amekufa miezi sita iliyopita. Nyarero nzima ilijua, mpaka watoto wa chekechea. Asiyejua alikuwa mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa baba yake.

Steven alikuwa akiwaongoza wageni wanaosafiri kwa pikipiki, anawapokea Sirari mpakani na kuwafikisha Mugumu, kule Serengeti, na kuwarudisha. Mgeni mmoja mzee, magoti yamemchoka, alimwachia ile pikipiki akapanda ndege kurudi kwao. Homa ilimshika Steven akiwa Mugumu siku ya Jumanne. Ijumaa alikuwa maiti. Wakati huo baba yao, mzee Magige, alikuwa amelazwa Mwanza kwa ajili ya macho, presha imepanda, na daktari amesema asipewe habari ya kumshtua.

Ukoo ukaita ritongo, yaani ule mkutano wa wazee ambao ukishasema umesema. Ritongo likaamua kijana azikwe, baba ataambiwa akipata nguvu, na atakayefungua mdomo kabla ya hapo atatoa fahali. Ulikuwa uamuzi mzuri kwa wiki mbili. Katika wazee wote wale wenye busara zao hakuna hata mmoja aliyeuliza wiki ya tatu itakuwaje.

Walimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Hawakuweka msalaba, hawakujengea, na udongo waliusawazisha kwa majembe ili fimbo ya mzee isije ikagonga tuta. Kwa maana mzee Magige alirudi kutoka Mwanza akiwa haoni hata jua. Asubuhi ya kwanza alipita pale akienda zizini kuwasikiliza ng'ombe wake, akasimama, akanusa.

“Hapa pamelimwa?” aliuliza.

“Nimepanda viazi,” alisema Wegesa, mke wake, mama wa marehemu. Alipojibu hivyo alikuwa amejifunika mdomo kwa khanga, na Osward aliyekuwa karibu alilazimika kugeuka pembeni.

Hata hivyo uongo ule ungekufa mapema kama isingekuwa ugomvi. Mwaka mmoja kabla, Steven aliingia bomani na ngurumo yake, dume la kulimia likaruka ua kwa hofu, likavunjika mguu, likachinjwa. Mzee Magige alikuwa akilipenda dume lile kuliko alivyowapenda baadhi ya shemeji zake. Alitoka na fimbo mkononi, akasema mbele ya watu: “Hutaingia kwangu tena mpaka hilo dude ulifunge mdomo.”

Steven alikuwa amerithi shingo ngumu ya baba yake. “Basi nitapita nje,” alijibu.

Na akapita nje kweli. Kila jioni alipokuwa nyumbani alipita barabara ya juu ya boma, akifika usawa wa mlango anakaza moto mara mbili ili asikike, kisha anakwenda kulala kwa jirani yao, Werema. Baba na mwana, kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake achoke. Aliyetangulia kuchoka hakuwa baba wala mwana, ilikuwa ni homa ya Mugumu.

Mzee aliporudi kutoka hospitali alimwulizia Steven, akaambiwa yuko na wageni. Akakataa chakula siku mbili. Siku ya tatu Osward alikwenda Mugumu kuichukua pikipiki ya marehemu. Alikusudia kuificha kwa Werema, basi akapita barabara ile ile ya juu, na kwa kuwa hakulizoea lile dude, lilimnguruma mkononi pale pale mbele ya mlango.

Ndani ya boma, mzee Magige aliinua kichwa. “Huyo ni Steven,” alisema. “Bado amenuna.” Akaomba ugali.

Usiku huo Wegesa alimwambia mwanawe wa kwanza: “Kesho upite tena.”

“Mpaka lini, mama?”

“Kesho tu.”

Kesho ikazaa kesho. Osward alikuwa akiuza dawa za mifugo katika duka moja Tarime mjini. Jioni alifunga duka, akapanda pikipiki ya marehemu, akapita juu ya boma akinguruma, akaiacha kwa Werema, akashuka nyumbani kwa miguu. Baba yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso umelegea kwa furaha aliyoificha vibaya.

“Shikamoo, tata.”

“Marahaba. Ndugu yako amepita, umemwona?”

“Nimemwona.”

“Anaendesha vizuri siku hizi. Ametulia.”

Osward ndiye aliyebaki nyumbani miaka yote. Ndiye aliyeogesha ng'ombe, aliyempeleka mzee Mwanza, aliyelala sakafuni hospitalini karibu na kitanda chake. Hakuna aliyewahi kukaa kwenye kigoda kumsubiri yeye apite. Alimlilia Steven kwa dhati, tena alimwonea wivu, na mtu anayemwonea wivu marehemu hana pa kwenda kushtaki.

Kisha miguu ya mzee ikaanza kuvimba. Pudensiana, nesi wa zahanati, mwanamke wa Kihaya aliyehamishiwa huko kutoka Bukoba, alimpima, akamwita Osward nje. “Moyo umechoka,” alisema. “Dawa ninampa, lakini nisikudanganye. Kama kuna jambo mnataka kuongea naye, ongeeni.”

Mzee hakuhitaji kuambiwa. Jioni hiyo hiyo alimwita Osward akae karibu.

“Mura,” alisema, kama Wakurya wanavyomwita kijana, “mimi nakwenda.”

“Usiseme hivyo, tata.”

“Nasema. Sasa sikiliza. Nilimtamkia ndugu yako neno mbele ya watu. Neno la baba halifutiki kwa kusema nimesahau. Mwambie aende kwa fundi, aifunge mdomo pikipiki yake kama nilivyosema. Ikinyamaza, aingie kwangu, apige magoti, nimpulizie maziwa ya baraka kama baba yangu alivyonipulizia mimi. Nikifa kabla ya hapo, atabaki na neno langu shingoni, na watoto wake watabaki nalo. Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Mwambie leo.”

“Nitamwambia.”

Ndiyo maana Osward akawa mteja wa ajabu kwa Kisyeri. Asipopeleka pikipiki kwa fundi, mzee angesema Steven amekataa, na angekufa na uchungu huo. Akiipeleka ikanyamaza kweli, Steven angetakiwa kuingia mlangoni, na Steven alikuwa chini ya migomba. Usalama pekee ulikuwa katikati: pikipiki ijaribu kunyamaza, ishindwe, ijaribu tena, ishindwe tena, mpaka Mungu mwenyewe aamue. Osward alijua kabisa maana ya kungoja Mungu aamue. Maana yake ni kwamba alikuwa akingoja baba yake afe, na alipoliona hilo waziwazi alisimamisha pikipiki njiani, akakaa juu yake na kofia ngumu kichwani, akalia.

Kizibo cha kwanza na pacha wake vilifanya kazi aliyokusudia. Alipita saa kumi na mbili, akaiweka kwa Werema, akashuka.

“Ndugu yako ameanza,” alisema mzee. “Imepungua. Lakini bado, bado inabweka. Mwambie arudi kwa fundi.”

Wiki iliyofuata Osward alichagua kizibo cha pili, kile chenye nyuzi za chuma, na alimwambia Kisyeri akiweke upande wa kulia tu, wa kushoto auache wazi.

“Upande mmoja?” Kisyeri alicheka, kisha akaacha kucheka alipoona mwenzake hacheki. “Kaka, hiyo ni kama kuvaa kiatu kimoja.”

“Weka tu.”

Akaweka huku akinung'unika. Jioni hiyo mzee Magige alisikiliza, akamngoja Osward afike, na hakuwa na ile furaha ya kuficha. Alikuwa na hasira.

“Ile ina mabomba mawili,” alisema. “Ameziba moja. Moja linanong'ona, jingine linapiga kelele. Mimi nimechunga ng'ombe miaka sitini, naweza kukuambia ng'ombe gani anacheua upande gani. Mwambie Steven asinifanye mtoto mdogo. Hataki kuja? Aseme hataki.”

“Anataka, tata.”

“Basi anaogopa nini?”

Osward alijikaza. Akaanza: “Tata, kuhusu Steven, kuna jambo…”

“Usimsemee!” Mzee aligonga fimbo chini. “Tangu utoto unamsemea. Aje mwenyewe na mdomo wake.”

Osward akafunga mdomo. Wegesa, aliyekuwa jikoni na mwiko mkononi, alikuwa amesimama akisikiliza, na ugali nyuma yake ulikuwa ukiungua.

Asubuhi yake Pudensiana alikuja na dawa. Wanawake wa jirani walikuwa wamekwisha kumnong'oneza habari yote zamani, na siku hiyo uvumilivu wake ulikwisha. Alimvuta Osward mpaka kwenye uzio.

“Mwambieni huyu mzee. Mimi sikuwa kwenye mkutano wenu, na fahali wenu simwogopi. Ninachoogopa ni kumwambia mgonjwa wangu kitu kama hicho peke yangu. Lakini ninyi ni watoto wake.”

“Dada, akiambiwa atakufa.”

“Na asipoambiwa?”

“Atakufa.”

“Sasa?”

“Sasa bora nini?” Osward alisema, na lilikuwa swali la kweli. Alitaka sana ajibiwe. Nesi alitazama migomba, akatazama viatu vyake, akaondoka.

Siku zikawa fupi. Mzee aliacha kwenda zizini, ikabidi ng'ombe wapitishwe mbele ya kigoda chake awasikie. Kila jioni pikipiki ilipita ikinong'ona upande mmoja na kupayuka upande mwingine, na kila jioni mzee alitikisa kichwa. Osward aliona kwamba alikuwa amemfanyia Steven ubaya mkubwa kuliko kifo. Alikuwa amemgeuza mtoto mwenye dharau, anayeombwa na baba anayekufa, na hasikii.

Jumatatu moja alimwachia Kisyeri pikipiki ili abadilishe oili, akaenda dukani kwake. Kisyeri alimwaga oili, akaweka mpya, akaiwasha kusikiliza, na ile sauti ya kiatu kimoja ikamkera rohoni. Fundi yule alikuwa mwadilifu, na mtu mwadilifu asiyejua mambo ni hatari kuliko mwizi. Akajisemea kwamba pikipiki ile inapita barabarani kila siku ikitangaza jina lake vibaya. Akachomoa takataka zote, akaingiza kile kizibo chake cha tatu upande mmoja na pacha wake upande wa pili, akavizungushia pamba ya kuzuia joto, akakaza skrubu kwa nguvu zake zote.

Osward alipokuja jioni na kuwasha, alidhani haijawaka.

“Umefanya nini?” aliuliza.

“Zawadi,” alisema Kisyeri, meno yote nje. “Sikutozi hata mia. Sikiliza hiyo! Mtoto mchanga analala juu yake.”

“Vitoe.”

“Nivitoe?”

“Vitoe, fundi, nakuomba. Vitoe sasa hivi.”

Kisyeri alijaribu. Skrubu zilikuwa zimekwama kwa joto la majaribio, na mbili zikakatika vichwa. Alisema kuzitoa kunahitaji kuzitoboa, na umeme ulikuwa umekatika tangu saa tisa. “Kesho asubuhi,” alisema, sasa akiwa amenuna, kwa maana hakuna linalouma kama zawadi kukataliwa.

Osward angeweza kuiacha palepale na kurudi kwa gari. Aliliwaza hilo. Lakini siku moja tu katika miezi saba hakupita, siku ya mvua kubwa, na siku hiyo mzee hakula. Akasema moyoni kwamba imekuwa kimya mno, kutoka barabarani mzee hataisikia kabisa, itakuwa sawasawa na kutopita, ila atakuwa hakumnyima. Hesabu za mtu aliyechoka huwa hivyo. Akapanda, akaondoka.

Barabara ilikuwa ya vumbi na mwanga ulikuwa bado mzuri. Pikipiki ilikwenda chini yake ikivuma taratibu, hata akawasikia wanawake wakizungumza shambani. Wakati wote wa Steven, na wakati wake yeye, hawakuwahi kusikia kitu chochote wakiwa juu ya pikipiki ile isipokuwa pikipiki yenyewe. Alipokata kona ya mwisho kabla ya boma, alimwona baba yake.

Mzee Magige alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara. Jinsi alivyopanda mpaka pale kwa miguu ile iliyovimba, hakuna anayejua. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani juu ya kanzu ya hospitali, fimbo mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ameuinua juu, kiganja wazi. Hatua chache nyuma yake alikuwa Wegesa na kibuyu cha maziwa kifuani.

“Amesema leo anataka kumsikiliza kwa karibu,” Wegesa alisema kwa sauti iliyokauka. “Nimemkataza. Amekataa.”

Osward alikuwa amesimama kabla hajajua kama amesimama. Pikipiki ilivuma kidogo kati yao.

“Sikia hiyo,” alisema mzee Magige. Machozi yalikuwa yakitoka katika macho yale yasiyoona, na hakuyafuta. “Wegesa, umesikia? Imenyamaza. Amefanya nilivyosema. Mwanangu amenitii.”

Alisogea, akapapasa kioo, akapapasa tangi lenye joto, akapata usukani, na juu ya usukani akaupata mkono. Aliushika. Osward alikuwa na glavu za marehemu.

“Zima. Shuka. Piga magoti hapo hapo, hata kama ni barabarani. Nyumbani sitafika tena na nguvu hizi.”

Osward alizima, akashuka, akavua kofia, akapiga magoti kwenye vumbi. Hakusema neno, kwa sababu angesema lolote sauti ingemsaliti. Alimtazama mama yake, naye mama yake alimtazama kwa macho ya kuomba. Alikuwa akisema bila sauti, midomo tu ikicheza: kubali, mwanangu, kubali, aende na amani.

Mzee alipokea kibuyu, akapiga funda, akalishikilia mashavuni. Akaweka mkono juu ya kichwa cha Osward. Katika nyumba ya Magige ilikuwa hivyo tangu babu: baba hujaza maziwa mdomoni, na mtoto hutaja jina lake mwenyewe kwa sauti, ili baraka ijue inatua kwa nani, na hapo ndipo baba humpulizia usoni na kifuani. Mzee aliinua kidevu mara mbili. Taja.

Ng'ombe wa mtu walipita wakirudi nyumbani, mchungaji wao akavua kofia na kuharakisha. Osward alivuta pumzi ili aseme Steven. Neno lilikuwa tayari, jina la silabi mbili ambalo alikuwa ameliita maelfu ya mara, akimwita mdogo wake aje kula, aje kuoga, aje asaidie kufunga ndama. Na ndipo lilipomkwama. Alikuwa amemchukulia pikipiki yake, na barabara yake, na jioni zake, na glavu zake. Alikuwa amechukua hata furaha ya baba iliyokuwa haki ya mwingine. Sasa achukue na hii, itue juu ya kichwa chake kwa jina la mwingine? Steven abaki udongoni na neno la baba yake shingoni, bila hata kitu hiki kimoja alichokuwa anakidai?

“Osward,” alisema.

Mkono juu ya kichwa chake ulikaza.

“Ni mimi, tata. Ni Osward. Steven alikufa Mugumu ukiwa hospitali. Tulimzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Aliyekuwa akipita jioni zote hizi ni mimi.”

Wegesa alitoa sauti ndogo, akakaa chini barabarani kama mtu aliyekatwa miguu.

Mzee Magige hakuanguka. Wote waliokuwa wakiogopa kwa miezi saba kwamba atakufa akisikia, hawakuwa wamelifikiria hili, kwamba angesikia na asife. Alisimama pale pale, mashavu yamejaa, uso umeelekea mbele mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mkono wake ulikuwa bado kichwani kwa mwanawe. Osward alikuwa amefumba macho. Hata sasa, aibu iliyoje, alikuwa akingoja. Kwani yeye naye alikuwa mtoto, alikuwa amepiga magoti, na jina alilotaja lilikuwa lake.

Koo la mzee likacheza. Aliyameza maziwa taratibu, yote, mpaka mashavu yakabaki mifupa. Kisha akaondoa mkono.

Alipapasa hewani mpaka akampata Wegesa pale chini, akamrudishia kibuyu.

“Yaliyobaki wape ndama,” alisema, akaanza kushuka peke yake, fimbo ikitangulia, akiitafuta njia ya kwenda nyuma ya nyumba. Osward alibaki amepiga magoti.